Filimbi Asiyoisikia Namalwa

Katika mji wa Kambi Reli, kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Molo, askari wa baraza la mji, ambao sote tuliwaita kanjo, walikuwa na utaratibu wao wa kuwafukuza wachuuzi. Kwanza filimbi ililia kutoka upande wa stesheni. Mchuuzi aliyeisikia alikunja turubai lake akakimbia, na kwa kawaida aliachwa aende. Aliyebaki amekaa alihesabiwa kuwa mkaidi, na mkaidi alikula rungu kabla ya kutupwa kwenye lori. Watu waliulalamikia utaratibu huo lakini walikuwa wameuzoea.

Namalwa hakuweza kuisikia filimbi. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha kiziwi akiwa bado mdogo, katika nyumba za reli ambako babake, mtu wa Bungoma, alikuwa fundi wa injini. Alisoma shule ya viziwi, akaolewa, akafiwa na mume, na kufikia mwaka wa 2007 alikuwa akiuza mitumba ya watoto kando ya ukuta wa posta. Karibu naye alikaa Chelangat, muuza viazi. Filimbi ikilia, Chelangat alimvuta leso. Hawakuwahi kukaa chini wakalipanga jambo hilo. Lilianza siku moja likawa desturi.

Januari 2008, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba, Chelangat aliondoka. Nyumba za mtaa wake zilichomwa, akapanda lori la jamaa zake kwenda Kuresoi na watoto na godoro. Hakupata nafasi ya kuaga. Soko lilipofunguliwa tena, watu walikaa kwa kuchaguana, kila mmoja karibu na wa kwao. Nafasi ya muuza viazi ikachukuliwa na mwanamke mgeni, naye alikuwa na woga wake mwenyewe. Siku filimbi ilipolia tena, mwanamke huyo alikimbia peke yake.

Namalwa alikuwa ameinama akipanga soksi. Rungu lilimjia kutoka nyuma, likampata mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo cha mkono. Aliyempiga aliitwa Sajini Kiprugut. Wachuuzi walisema baadaye kwamba alimpigia kelele, "Wewe mama, toka!" na alipoona hajibu akadhani anadharauliwa.

Mfupa ulivunjika. Namalwa huzungumza kwa mikono, kwa hiyo alikuwa amevunjwa usemi pia. Kwa wiki nyingi alijieleza kwa mkono wa kushoto, polepole, na wanawe walichoka kumsubiri amalize. Plasta ilipotolewa daktari alimwambia mfupa haukuunga vizuri. Ukigongwa tena mahali pale pale, vidole huenda visifunguke tena.

Nilimjua kanisani, ambako nilikuwa nikimfasiria mahubiri kwa ishara. Ndiyo sababu Bi Njoki, afisa wa maendeleo ya jamii katika baraza, alinijia mimi mwezi wa Mei. Alikuwa amepata ruhusa ya kuwafanyia askari wa zamu ya asubuhi semina kuhusu watu wenye ulemavu, ruhusa aliyoiomba tangu mwaka uliotangulia. Alitaka Namalwa azungumze. Namalwa alikataa.

Kisha tangazo likabandikwa ukutani: Jumatatu, wachuuzi wote wa upande wa posta wangeondolewa. Semina ilikuwa Ijumaa kabla yake.

"Tutaenda," Namalwa aliniambia.

"Kiprugut atakuwa huko."

"Ndiyo maana."

Nilimuuliza kwa nini asikae tu nyumbani hiyo Jumatatu. "Watarudi Jumatano. Watarudi wiki ijayo. Nitakaa nyumbani mpaka lini?"

Ukumbi wa baraza ni wa zamani, una sakafu ya mbao. Askari walikuwa wameketi miguu mbele, marungu yakiwa chini ya viti. Namalwa alisogeza kiti chake hadi ukutani ili asiwe na mtu nyuma yake, akauficha mkono wa kulia ndani ya leso. Mkuu wao, Inspekta Nicodemus, alisimama akatangaza: "Madam, nimekupa mpaka saa ya chai. Baada ya chai niko na kazi."

Bi Njoki alianza kusoma alichokuwa ameandaa, kwamba ulemavu si ugonjwa wala laana, na kwamba sheria iko.

"Madam, na soda?" mmoja akauliza. Wakacheka.

Alipoona hawasikilizi, alimwita Namalwa mapema kuliko alivyopanga. Namalwa akasimama, akaanza kwa ishara, nami nikawa nasema kwa sauti.

"Sauti, dada! Huku nyuma hatusikii!"

"Kwani leo viziwi ni sisi?" mwingine akajibu, na kicheko kikazunguka ukumbi mzima.

Nikapaza sauti. "Naitwa Namalwa. Nauza nguo pale posta. Nilipigwa kwa sababu sikusikia filimbi."

"Na nani?"

Namalwa hakumwonyesha mtu kidole. Lakini alimtazama, na wote wakafuata macho yake. Sajini Kiprugut alikuwa mtu mnene, wa makamo. Alisimama mwenyewe.

"Ni mimi. Sasa? Ningejua aje? Haijaandikwa kwa uso."

"Na wengine hujifanya," Inspekta aliongeza. "Kuna mwingine hapa alijifanya bubu. Kumweka kwa lori, akaanza kuomba Mungu kwa nguvu."

Wakacheka tena. Namalwa aliniangalia mikono, nami nikamfasiria kila neno, hata kicheko. Alingoja kitulie.

"Basi niwekeni kwenye lori kama wengine," alisema. "Lakini kwanza nijue kwamba mmefika."

Hapo Bi Njoki akaona nafasi yake. Alifungua katoni iliyokuwa mezani akatoa vibendera, vile ambavyo mafundi wa barabara hupunga kusimamisha magari. "Nimewaletea suluhisho. Filimbi ikilia, mmoja wenu ainue hiki. Asiyesikia ataona."

Kibendera kilikuwa cha rangi ya chungwa.

Tangu Desemba rangi hiyo haikuwa rangi tu katika mji wetu. Ilikuwa ya chama kimoja cha uchaguzi ule, na kulikuwa na mtu aliyeburutwa kutoka nyumbani kwake kwa sababu ya kofia. Bi Njoki alivitoa stoo pamoja na makoti ya kazi na hakufikiria zaidi ya hapo.

"Madam," Kiprugut alisema polepole, "mimi naitwa Kiprugut. Jina tu linasema kabila langu. Unataka nipite kwa soko nimeinua hiyo? Nitafika mwisho kweli?"

"Ama ametumwa?" sauti ikatoka nyuma.

"Nimetumwa na nani?" Bi Njoki akang'aka. "Hizi ni za barabara!"

"Mwaka huu kila mtu ametumwa."

"Wewe, rudia hiyo maneno!" askari mwingine akamrukia aliyesema, kiti kikaanguka. Watu ambao dakika chache kabla walicheka pamoja sasa walikuwa wamesimama pande mbili, na baadhi yao walikuwa wameinama kutafuta marungu.

"Wanasema nini?" Namalwa aliniuliza.

"Ni rangi," nilimjibu.

Aliangalia kibendera, akaelewa. Tangu Krismasi yeye mwenyewe alikuwa akizificha nguo za rangi ile chini kabisa ya furushi lake.

Inspekta alipiga meza. "Imetosha! Semina imekwisha. Jumatatu tunafanya kazi vile tunafanyanga."

Namalwa aliona midomo yake na mkono ukionyesha mlango. Akainua mguu akaupiga kwenye mbao, mara ya kwanza, kisha tena kwa nguvu zaidi, kama viziwi wanavyoitana wakiwa chumba kimoja. Sakafu nzima ilitikisika. Watu wakageuka.

Alienda katikati ya ukumbi akaketi chini, mgongo wake ukiwaelekea, kama anavyoketi sokoni. Akautoa mkono wa kulia kutoka kwenye leso, akauweka wazi juu ya goti. Mimi nilikuwa mbele yake.

"Mwambie aje kama alivyokuja siku ile."

"Sajini," nikasema, "anataka uje kama siku ile."

Hakuna aliyecheka. Kiprugut alimtazama Inspekta, kisha akaanza kutembea. Buti zake zililia juu ya mbao. Nilijua Namalwa alikuwa akiihisi sakafu ikitikisika, lakini katika ukumbi wenye watu wengi hivyo hakuweza kujua ni nani wala kama yuko mbali. Kiprugut alisimama nyuma yake kabisa.

"Mathe," akasema, yaani mama. Kisha kwa sauti kubwa, "Mathe!"

Namalwa alinitazama. "Amefika?"

Nilitafsiri swali hilo kwa sauti.

"Sasa aje kwa mbele."

Kiprugut alizunguka. Alipofika mbele yake tu, Namalwa aliinua uso na mikono yake ikaanza kukunja turubai ambalo halikuwapo. "Ni hivyo tu," akasema. "Mtu mmoja atangulie, apite upande wa nyuso zetu, mikono mitupu. Wengine wamngoje."

"Mikono mitupu? Kwa hilo soko, mwaka huu?" Inspekta akauliza. "Nani huyo?"

Kiprugut alijikuna kidevu.

"Niandike mimi, afande."

"Ukipigwa mawe, usiniletee kilio."

Jumatatu nilisimama mlangoni mwa posta. Filimbi ililia, na Kiprugut akatokea upande wa pili, mikono juu, akipita mbele ya wachuuzi mmoja mmoja.

"Leo kanjo ameokoka!" mtu akapiga kelele. Jiwe likaanguka karibu na miguu yake. Mkono wake ulishuka kiunoni kutafuta rungu, haukulipata, ukarudi juu. Akaendelea.

Namalwa alikuwa na mteja, akimpimia mtoto sweta. Kiprugut alisimama mbele yake, akakunja hewa kwa mikono yake minene kama alivyoonyeshwa. Namalwa aliona. Akarudisha sweta, akaanza kukusanya nguo.

Lakini askari wengine hawakungoja. Kutoka stesheni walikuwa wameshaanza kukimbia, na wa mbele alikuwa ameinua rungu. Kiprugut alimpita Namalwa kwa haraka. Namalwa aliona tu kwamba ametoweka mbele yake. Akajua kuna kitu nyuma, akaukumbatia mkono wake wa kulia kifuani na kufumba macho.

Alipogeuka, Kiprugut alikuwa amempa mgongo, mikono ameitandaza, akimfokea kijana mwenye rungu. Namalwa alibeba furushi lake akaondoka.

Alasiri hiyo, kwenye stendi ya magari, zamu ya jioni ilimpiga mshona viatu aitwaye Makhanu. Naye pia ni kiziwi. Walimpiga kichwani.

Kesho yake Namalwa alinipeleka kwa Bi Njoki. "Zamu ya jioni itafundishwa lini?"

Bi Njoki alikuwa amechoka. Maneno ya vibendera yalikuwa yamefika kwa wakubwa, na hakuwa na hakika kama angeruhusiwa semina nyingine. "Mwambie mama avumilie kidogo."

"Sihitaji soda wala ukumbi," Namalwa alijibu. "Hao askari wako wapi?"

Kiprugut alikuwa amesimama kwenye korido, akisikiliza. "Wako uwanjani," akasema. "Wanapokea zamu saa hii."

Tulishuka. Walikuwa wengi kuliko wale wa Ijumaa, na hawakujua tulichofuata. "Wekeni rungu chini," Kiprugut aliwaambia. Wawili waliweka. Wengine walingoja kuona. Namalwa alipita katikati yao, akapandisha mkono wa sweta yake hadi palipovunjika, akaanza kusema, nami nikapaza sauti.