Boila la Watu Wawili

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Eirlys Pugh alisimama bafuni na koti juu ya nguo ya kulalia, akafungua bomba la maji ya moto na kungoja amri. Chini jikoni mumewe, Gwilym, alikuwa amepiga magoti mbele ya boila, mtambo wa gesi unaopasha moto maji na nyumba, bisibisi mkononi.

"Sasa?" Eirlys alipaza sauti.

"Bado!"

"Nauliza, sasa?"

"Bado, we mwanamke! Acha maji yatiririke!"

Kisha ko, ko, ko, mpini wa bisibisi kwenye chuma. Siku ikiwa njema moto ulishika kwa mshindo mdogo, na joto likaanza kutembea kwenye mabomba ya nyumba. Tatizo lilikuwa valvu ya gesi. Mtu akifungua maji ya moto, valvu inatakiwa ifunguke yenyewe. Ya kwao ilikwama mpaka ibembelezwe, na Gwilym aliibembeleza kwa kuigonga. Bomba la jikoni lilikuwa la maji baridi tu, na mtu mmoja hakuiweza kazi hiyo, kwa sababu ukifungua maji juu ukashuka ngazi mbio, unakuta boila limeshakata tamaa na kujizima. Ndiyo maana wazee hawa wawili, katika nyumba ya mwisho ya safu, juu kwenye mteremko wa bonde la Rhondda, walikuwa hawajaachana hata kwa usiku mmoja tangu valvu ianze ukaidi wake.

Kumwita fundi? Thubutu! Gwilym mwenyewe alikuwa fundi gesi maisha yake yote. Alikuwa amestaafu na kibali chake kimekwisha, kwa hiyo sheria haikumruhusu hata kufungua kifuniko cha boila lake. Lakini hakuwa tayari kuona mwanaume mwingine akipiga magoti jikoni kwake.

"Bonde zima hili maboila nimefunga mimi," alisema. "Leo niite mtoto wa jana aje kunifundisha?"

Eirlys angeyavumilia hayo kama si Nerys. Binti yao wa pekee alikuwa mji wa mbali wa Carmarthen, tumbo limeshuka, mumewe yuko kazini kwenye mitambo ya mafuta baharini. Alikuwa amempigia mama yake simu: njoo ukae nami nijifungue. Eirlys alitaka kwenda kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alitaka kumpokea mjukuu, na tuseme ukweli, alitaka pia kulala kwenye nyumba ambayo hakuna anayemfokea "bado".

"Na boila?" Gwilym aliuliza kila mkewe alipoigusia safari hiyo.

"Utavaa sweta."

"Na kifua changu hiki? Urudi unikute nimekakamaa kama samaki wa barafu?"

Basi Eirlys akamwambia binti yake, "Tutaona, mwanangu." Nerys akajibu, "Tutaona yako naijua, mama," akakata simu.

Katikati ya mvutano huo ndipo harufu ilipoanza. Ilikuja nyembamba, karibu na kabati la jikoni, ikapotea, ikarudi.

"Gwilym, nasikia harufu ya gesi."

Gwilym aliinua pua, akafumba macho, akavuta hewa taratibu kama mtu anayeonja mchuzi. "Hamna. Kabichi za Beti hizo."

Beti ni jirani wa ukuta kwa ukuta, na kweli kabichi anazochemsha hunuka mpaka kwao. Eirlys aliridhika. Pua ya Gwilym ilikuwa na jina mtaani. Watu walimwita aje kunusa kabla hawajapiga simu ya dharura, naye siku zote aliwagombeza kwamba simu kwanza, Gwilym baadaye. Mke wa mtu kama huyo atabisha nini? Aliuliza tena wiki iliyofuata, na baada ya hapo tena, akajibiwa mfereji wa maji machafu, akajibiwa uzee. Mwishowe akaanza kuidharau pua yake mwenyewe.

Jumapili moja Gwilym alikuwa anavaa kwenda kanisani. Koti lake jeusi lilikuwa limelala kitini ukumbini, na dume la paka la Beti lilikuwa limepita humo usiku likaacha salamu zake. Eirlys alikuwa bado katikati ya ngazi uvundo ulipompiga, mpaka macho yakamtoka machozi. Gwilym alikuwa amelivaa koti na kulifunga vifungo mpaka shingoni.

"Vipi, nimependeza?" aliuliza.

Eirlys alingoja acheke. Hakucheka. Eirlys akashuka, akaushika mkono wa koti, akamsogezea puani.

"Nusa hapa."

"Ninuse nini?"

"Nusa tu, mzee."

Gwilym akafumba macho, akavuta hewa taratibu, vilevile anavyofanya kwa gesi. "Sabuni," alisema. "Umelifua." Kisha akafumbua macho, akauona uso wa mkewe.

"Tangu lini?" Eirlys aliuliza.

"Eirlys..."

"Nakuuliza tangu lini hunusi?"

"Tangu ile homa."

Ile homa iliyomlaza kitandani ilikuja kabla valvu haijaanza kukwama. Kila "hamna" aliyoambiwa na kuimeza ilikuwa ya mtu asiyesikia harufu hata ya mkojo kifuani pake. Hofu ilimpanda, na hasira nyuma yake. Akageukia jikoni, akavuta hewa kwa pua yake mwenyewe. Gesi. Siku hiyo haikuwa nyembamba hata kidogo.

"Ngoja niwashe taa nitazame," Gwilym alisema, mkono ukienda kwenye swichi.

Eirlys aliuchapa mkono ule kama wa mtoto. "Usiguse, tutalipuka! Wewe ndiye uliyenifundisha, usiguse!"

Aliinama chini ya ngazi, kwenye mita ya gesi, akauzungusha mkono wa koki mpaka ukakaa kukingama na bomba, gesi ikakatika. Akafungua mlango wa nyuma, akafungua madirisha, akamburuta mumewe nje kwa koti hilohilo. Simu ya dharura aliipiga akiwa uani kwa Beti.

"Unatuaibisha mtaa mzima," Gwilym alinong'ona.

"Na tuaibike."

Alikuja mwanaume mwenye kipara na kifaa kidogo cha kupimia. Kifaa kilianza kulia kabla hajafika kwenye boila. Alipofungua kifuniko aliguna.

"Valvu imelegea kwenye maungio, mama. Imepigwapigwa hii. Nani amekuwa akiigonga?"

Eirlys hakumsaidia mumewe.

"Mimi," Gwilym alisema hatimaye. "Na mimi ni fundi."

Yule bwana hakumsimanga. Aliziba bomba la gesi, akabandika karatasi nyekundu kwenye boila: HATARI, USITUMIE. Gwilym alikuwa amebandika karatasi hizo kwenye nyumba za watu miaka mingi, na wajane wengi walikuwa wamemlilia asiwakatie gesi.

"Kazi yangu ni kuzuia msilipuke," mgeni alisema. "Valvu mpya ataweka fundi mwenye kibali. Hata kesho mtampata."

Gwilym alifufuka. "Kesho! Nampigia fundi Idris, kibali anacho, atakuja asubuhi. Jioni tunaoga maji ya moto, Eirlys, na hakuna kugonga tena!"

Eirlys alimtazama anavyotafuta simu mfukoni. Kesho gesi ingerudi, boila lingewaka bila yeye kusimama bafuni, na nyumba ingekuwa na pua moja tu. Angetokaje tena? Angekaa hapo akinusa mpaka mmoja wao afe.

"Mwambie Idris aje nikirudi," alisema.

"Ukirudi kutoka wapi?"

"Kwa Nerys."

"Na baridi hii? Eirlys! Utaniacha nigande kwa sababu ya paka?"

"Gesi ikiwa imezibwa, naweza kukuacha. Ikifunguliwa siwezi. Beti atakuazima hita ya umeme."

Alipanda kufunga mkoba. Baada ya muda Gwilym alimfuata, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, bila koti, amejikunyata.

"Nilijua ukijua hutaniamini tena," alisema.

"Sikuamini tena," Eirlys alimjibu kwa upole, akaendelea kukunja nguo.

Kisha akampigia binti yake. "Nakuja. Basi la saa nane."

Nerys alivuta makamasi, labda alikuwa analia. "Na baba? Boila atawasha na nani?"

Eirlys alimwangalia mzee wake akipuliza vidole vyake.

"Hawashi," alisema, akafunga zipu ya mkoba.