Zulia la Dhahabu Ndani ya Boti ya Mume Wangu

Admin, nifichie jina na kijiji. Ukurasa huu tunausoma wengi huku Geita, hata wifi zangu wamo, huwa nawaona wakikomenti.

Mimi ni mama wa miaka 33, mzaliwa wa Kishapu, nimeolewa huku kando ya ziwa na nina binti mmoja wa miaka tisa, nitamwita Neema. Nauza mazulia na mikeka ya plastiki sokoni. Mume wangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Miaka minne iliyopita nilimpelekea chakula hadi kwenye shimo lake, na tangu siku ile shimo halikutoa kitu. Huku wanaamini mwanamke aliye kwenye siku zake hakaribii shimo. Mama mkwe aliniuliza mbele ya watu kama nilikuwa kwenye siku zangu. Nikajibu ndiyo, mjinga mimi, maana ulikuwa ukweli. Toka hapo nikawa mkosi wa ukoo.

Mume akaachana na mashimo, akanunua boti ndogo ya upepo, ile ya mpira unayoijaza kwa pampu, awe anavusha watu kwenye ghuba yetu. Shida ikawa sakafu. Mpira ule ukilowa unateleza kama sabuni. Haukupita muda, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akateleza na kuangukia majini. Walitolewa wazima, ila watu wakaanza kuikimbia boti. Mume akaniambia, "Mama Neema, mazulia ni kazi yako. Nitafutie cha kutandika."

Nilifurahi, sitaficha. Nilimwaga maji ya sabuni uani nikajaribu vipande kimoja kimoja kwa miguu yangu. Turubai linateleza. Zulia la manyoya linakunywa maji, linakuwa zito. Mbao zina kona, zitatoboa. Nikachagua mkeka wa mpira laini wenye matundu, ule wanaoweka bafuni, maji yanapita chini na mguu unashika. Nikaukata kwa kipimo cha boti, mume akaupenda.

Ndipo akaja shemeji, kaka yake mkubwa, mwenye karasha la kusagia mawe. Kwa wasiojua, mawe yakishasagwa unga wake unamwagiwa maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa zulia, na dhahabu inanasa kwenye zulia. Likichakaa linachomwa, majivu yanaoshwa ili kupata kilichobaki. Kumpa mtu zulia hilo ni heshima kubwa. Shemeji alibwaga moja uani kwetu, akasema, "Hili limeshika dhahabu, litashika na abiria. Ila msilifue. Mkilifua mmetoa bahati."

Nikasema kwa adabu, "Shemeji, mbona lina mchanga?"

Alimwangalia mama yao. Mama mkwe akasema taratibu, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "umeanza tena?"

Nikapaka gundi kwa mikono yangu, nikalitandika zulia lile bila kulifua, na kingo zake nikazipandisha hadi pale sakafu inapoungana na mirija ya upepo. Mchanga wa mawe yaliyosagwa unakata, nimeishi na wachimbaji, nalijua hilo. Nilitandika huku najua.

Na kinachoniuma, hakuna aliyeteleza tena. Abiria wamerudi, mume anacheka, mama mkwe anasema ukoo umefunguka.

Wiki iliyopita mume akiwa anakula, nilishuka kuosha boti. Nikafunua kona ya nyuma. Chini ya zulia kulikuwa na tope la mchanga, na mpira umesuguliwa hadi nyuzi zinaonekana. Nikamwaga maji ya sabuni kwenye mshono wa sakafu na mrija wa upepo. Yakatoka mapovu madogo, yakapasuka, yakatoka mengine. Nilipaka gundi, nikarudisha zulia kama lilivyokuwa, nikaenda kuosha vyombo. Sijamwambia mtu mpaka leo.

Sasa kazi yangu ni kusikiliza pampu. Zamani alijaza asubuhi tu. Siku hizi anajaza na mchana, na juzi alijaza mara tatu. Nikajifanya sijui, nikamuuliza akiwa anakula, "Baba Neema, mbona unajaza sana?"

"Maji yana baridi, upepo unanywea."

"Tungelitoa lile zulia basi. Limekuwa zito."

Akaacha kula. "Shimo ulinifungia nikanyamaza. Boti niachie."

Jumamosi hii kuna harusi ng'ambo. Wanavuka mama mkwe, mawifi wawili, shemeji, mume wangu na Neema. Watu sita. Majaketi ya kuokolea ni mawili. Mimi nimeambiwa nibaki kulinda nyumba, na naelewa kwa nini hawanitaki harusini. Neema hajui kuogelea. Ameshaahidiwa kukaa mbele.

Nimewaza kuipasua boti kwa wembe Ijumaa. Lakini ndiyo inayotulisha, na watajua ni mimi. Nimewaza kusema ukweli, ila swali la kwanza litakuwa nilijua tangu lini, na jibu la hilo litanirudisha Kishapu bila mwanangu. Nimewaza kusingizia Neema anaumwa abaki na mimi. Hapo ndipo nilipojiogopa, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kupanga namna ya kumwokoa wangu na kuwaacha wale watano wapande.

Msinitukane, nishaurini, nifanye nini? Na kama kuna anayezijua boti hizi, anijibu hili kwanza: mshono ulioanza kutoa mapovu unahimili safari ngapi? Ghuba yetu si pana. Ni kwenda na kurudi tu.