Ikwap na Birika la Maji ya Moto

Tangu utotoni Ikwap wa Buteba aliitwa Cherehani, maana mdomo wake ukishaanza haukujua kituo. Mdomo huohuo ulimfikisha Makerere, akawa bingwa wa midahalo. Likizo ya mwaka 1965 aliteremka garimoshi Tororo akiwa na habari iliyomfanya atembee kama anacheza ngoma: Jumatatu wanafunzi wenzake wangekuja kujitolea kujenga daraja la mbao kwenye kijito cha kwao, ambacho kila masika kiliwazuia watoto kwenda shule. Mbao zilikwisha kupatikana. Ilibaki idhini ya wazee wawili wenye mashamba kila upande wa kijito: Oluka, wa kabila la Wateso, na Mangeni, wa kabila la Wasamia.

Jumamosi asubuhi aliwakuta kwa shangazi yake Akurut, wamekizunguka chungu cha pombe ya wimbi, mirija mirefu midomoni. Ikwap akasimama wima, akahutubia kama yuko ukumbini. Hata pingamizi za Mangeni alizijibu kabla Mangeni hajazitoa.

Wazee wakavuta pombe yao mpaka akamaliza.

"Kijana, umetushinda," akasema Oluka. "Sasa nenda na ushindi wako, utuachie mashamba yetu."

Kicheko kikapasuka. Ikwap akajikunyata karibu na meko, masikio yakimwaka. "Shangazi, kesho kutwa wanafika. Nitawaambia nini?"

"Mimi nachemsha maji tu," Akurut akajibu. "Hayo ya kuongea ulisomea wewe."

Ikwap akabaki kutazama. Chungu kilipopungua, shangazi alimimina maji ya moto kutoka kwenye birika, na wote wakaiachia mirija wakingoja pombe ikolee. Katika kungoja huko ndipo Oluka alipouliza habari za ng'ombe mgonjwa wa jirani, na kila mtu akasikiliza. Hapo Ikwap akagundua wakati wa kuongea. Zamu iliyofuata, akalinyakua birika yeye.

"Makerere imetuletea mpishi," Mangeni akatania.

"Nakwenda polepole, baba, nisikuunguze."

Akamimina, akachuchumaa. "Baba, masika kijito kikijaa, wewe unavukia wapi?"

Maneno yalimpanda Ikwap hadi kooni, akayameza.

"Sivuki," Mangeni akasema hatimaye. "Binti yangu Goretti ameolewa na mwana wa huyu Oluka. Alijifungua maji yamejaa. Nilikuja kumwona mjukuu ameshaota meno."

"Na jogoo niliyekuwekea nilimla mwenyewe," akasema Oluka.

Wakacheka, kisha Mangeni akaacha kucheka. "Kwangu daraja lianzie penye mihogo. Nitaing'oa."

"Kwangu litue chini ya mkuyu," Oluka akaitikia. "Na safari hii jogoo tutamla wote."

Ikwap alisimama, kifua kimejaa hotuba ya shukrani. Akurut akamwahi. "Cherehani, maji yamekwisha."

Akabeba debe, akakimbia mpaka kijitoni, pale penye mihogo ya Mangeni. Huko, peke yake, aliwahutubia vyura hotuba yote, tangu mwanzo hadi mwisho, ndipo akachota maji.