Pampu Ndani ya Tangi

Mtaani walimwita Taratibu, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa magari asiyefunga nati kabla ya kuifuta kwa kitambaa, na mteja mwenye haraka zake alishauriwa mapema ajaribu kwingine. Injini, breki, giaboksi, vyote alivimudu. Kazi moja tu hakuigusa: tangi la mafuta. Gari lenye shida hiyo likiingia uani kwake, alimwita fundi mwenzake wa ng'ambo ya barabara, yeye akajitia ana shughuli. Wateja hawakujua sababu. Dada yake aliijua, maana ndiye aliyemfunga bandeji zamani, wakati Taratibu anajifunza ufundi, petroli iliposhika moto kwenye taa iliyopasuka na kumbabua mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko.

Jumamosi moja dada huyo alimtembelea pamoja na mama yao. Walikula, wakapiga soga, wakaaga. Dada akawasha gari. Starta ikazunguka vizuri, injini ikagoma. Akarudia, ikagoma tena.

Taratibu aliinamia kiti cha nyuma, akatega sikio. "Fungua swichi tu, usipige starta."

Ufunguo ukizungushwa, pampu ya mafuta huvuma kidogo huko nyuma. Safari hii kimya. Akaangalia fyuzi, nzima.

"Pampu imekufa," akasema. "Na iko ndani ya tangi."

Dada alimtupia jicho mkononi. "Mwite mwenzako."

"Amesafiri, harudi kabla ya Jumanne."

"Tuliache basi. Si lazima, mdogo wangu."

Lakini wote wawili walijua. Jumatatu asubuhi mama alikuwa anapasuliwa jicho, nafasi waliyoisubiri muda mrefu. Hospitali ilikuwa mbali, teksi ya kufika huko hawakuimudu, na tangu avunjike nyonga mama hakuweza tena kupanda basi. Kibaya zaidi, asubuhi hiyo dada alikuwa amejaza tangi mpaka shingoni. Taratibu akajiona amelala chali chini ya gari, petroli tele juu ya kifua chake, akilishusha tangi kwa jeki.

Alikwenda kununua pampu hivyo hivyo, miguu ikimvuta nyuma. Muuza spea alimwona alivyonyong'onyea, akamuuliza kulikoni.

"Nawaza nitalishushaje hilo tangi, limejaa."

"Ulishushe la nini? Gari hilo lina kifuniko chini ya kiti cha nyuma. Unang'oa kiti, unafungua, unaitoa pampu kwa juu."

Taratibu alibaki ameduwaa. Kwa miaka aliyoikwepa kazi hiyo, hata hilo lilikuwa limempita. Akacheka mwenyewe dukani, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Walilisukuma gari hadi katikati ya ua, penye upepo. Akachomoa betri, akafungua milango yote, akafungua na kifuniko cha kujazia mafuta ili presha itoke. Simu zikaachwa ndani ya nyumba. Dada akasimama na mtungi wa kuzimia moto, ameukumbatia kama mtoto mchanga. Mama aliambiwa akae ndani, akahamishia kiti chake mlangoni.

Kiti cha nyuma kilitoka kwa urahisi. Chini ya zulia, kifuniko cha bati kilichojaa vumbi. Akalifuta lote lisije likaingia kwenye tangi, akafungua skrubu. Alipochomoa mpira wa mafuta, harufu ya petroli ikampanda puani. Akaurudisha mkono, akaushika penye kovu.

"Niko hapa," dada akasema. "Toka nje upumue kidogo."

"Mwache," mama akasema kutoka mlangoni. "Huyu hata kuzaliwa alichukua muda wake."

Dada aliangua kicheko, na Taratibu naye akajikuta anacheka, kichwa ndani ya gari. Alipomaliza kucheka akaurudisha mkono kazini. Akaigonga pete ya kubania pampu kwa kipande cha mti, kisitoe cheche, polepole, mpaka ikalegea. Akaiinua pampu ikichuruzika, akailaza kwenye beseni. Akaweka mpya na mpira wake wa kuzuia kuvuja, akabana pete, akarudisha waya na mabomba, akakagua kila kiungo, kisha akakagua tena. Harufu ilipokwisha kabisa, akarudisha betri.

"Fungua swichi."

Mvumo mwembamba ukasikika nyuma. Dada akapiga starta, injini ikaitika papo hapo.

Dada alishuka, akamkumbatia nguo zake zikinuka petroli, akasahau kuzima gari. Mama aliuliza kama sasa wanaweza kwenda au kuna chai nyingine.

Jumatatu mchana dada alipiga simu: upasuaji umekwenda vizuri, mama ameshaanza kuwasumbua manesi. Taratibu alikaa kwenye benchi la gereji akasema, "Haya, asante, dada." Kisha akajinyoosha hapo hapo, viatu miguuni, akalala usingizi mzito mchana kweupe, na wateja wakamsubiri.