Jino la Kushoto la Maalim

Siku yangu ya kwanza kazini, Daktari Mkuu wa kliniki yetu ya meno pale Ganjoni hakunipa hata kiti. Alinisimamisha mbele ya mgonjwa aliyeachama kinywa, akaniambia, "Bi Mwanaidi, kulia ni kulia kwake yeye, si kwako wewe. Ukikosea hapo, bima hailipi." Nikacheka kimoyomoyo. Nani asiyejua kulia na kushoto?

Nilikuwa karani wa madai. Kliniki ilikuwa ya mtu binafsi, lakini ilifunga mkataba na bima ya serikali. Kung'oa jino kulilipiwa bila maswali. Kutibu mzizi, yaani kusafisha ndani ya jino bovu ili lisalie mdomoni, kulitaka idhini kwanza, na idhini ilitaja jino lenyewe. Kila jino lililipiwa mzizi mara moja tu, basi.

Akaja Maalim Athumani, mwalimu wa Kurani kutoka Mji wa Kale. Jino lake la mbele la kulia lilikuwa limeoza mpaka ndani. "Bibi, msining'oe, nakuombeni," alinisihi. "Nikiwa na pengo hapa, herufi zitanitoka upepo mtupu, na watoto watanifuata hivyohivyo." Nilimwonea huruma mno. Nikajaza fomu upesi, nimemkabili uso kwa uso, nikaandika kushoto.

Idhini iliporudi imetaja la kushoto, lile lisilo na ubovu, wallahi, ndipo nilipoliona kosa langu. Maalim alikuwa kitini tayari, shavu limevimba. Daktari akanivuta pembeni. "Mimi natibu la kulia, wewe iache karatasi ilivyo. Malipo yatatoka. Nani atakuja kumchungulia mzee mdomoni?"

Nilitamani kukubali, nisijidanganye. Lakini siku jino la kushoto lingeuma kweli, bima ingesema limekwisha kutibiwa, na Maalim angebakiwa na koleo la kung'olea tu. "Samahani, Daktari, siwezi," nikasema. "Kosa ni langu, nitalisema."

Nikampigia simu afisa wa idhini, mama mmoja wa kutoka bara, hana mzaha hata kidogo. Alinipa vidonge vyangu, nikavimeza vyote. Kisha akauliza, "Mgonjwa bado yuko hapo? Haya, tuma picha ya jino." Kabla ya adhuhuri idhini mpya ikaingia. Lo! Nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha. Daktari aliniletea maji kwa mkono wake.

Nyinyi mnaoanza kazi hii mtaambiwa ni ya karatasi. Ni ya vinywa vya watu.

Miaka ikapita. Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, Maalim akarudi ameshika shavu. La kushoto. Nikafungua rekodi yake: jino hilo halijatibiwa kamwe. Nikaomba idhini, ikatoka siku ileile.

"Alhamdulillahi!" nikapaza sauti, machozi yananitoka.

Maskini Maalim alinikodolea macho tu. Hakuelewa kwa nini karani anamshukuru Mungu kwa jino lake bovu.