Mstari uliozidi Kitahana

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mabati ya Kasulu mjini, na simu ya Theodosia Nduwayezu inaita. Anaipokea kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika tumbo la miezi minane.

"Mwakeye, Mama Epifania," anamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, binti. Mbona mmetufuta?"

Anayepiga ni Epifania, mfugaji nyuki wa Kitahana, wilayani Kibondo. Yeye na wenzake wameshatoa ndoo za asali hadi barabarani, kungoja lori la ushirika linaloikusanya. Lakini kwenye ratiba ya lori katika tovuti ya ushirika, jina la Kitahana limekatwa mstari, na watu wameanza kubeba ndoo kurudi nyumbani.

"Lori linakuja, mama. Adhuhuri litakuwa hapo."

"Wewe unasema linakuja, simu inasema limefutwa. Hapa watu wanaamini simu."

Likikuta barabara tupu, lori litapita, na halirudi hadi mwezi ujao.

Theodosia anamgeukia Castory, katibu wa ushirika, aliyeketi kando yake na kofia magotini. Ndiye atakayeshika kazi Theodosia akienda likizo ya uzazi.

"Mzee Castory, jana jioni uligusa nini?"

"Buhigwe tu. Mvua imekata barabara, nikaikata na mstari. Si ndivyo tunavyofanya ubaoni?"

Kazi ya Theodosia ni kuhariri maneno ya tovuti hiyo. Maneno hayo hukaa kwenye hifadhidata, kila ukurasa na kisanduku chake. Msomaji huona kichwa cha habari kilichokolezwa na orodha iliyonyooka. Yeye akifungua kisanduku huona maneno yaliyozungukwa na alama: hii inaanza kukoleza, hii inakoma.

Castory aliweka alama ya kuanza mstari kabla ya Buhigwe. Ya kuukomesha hakuiweka. Basi mstari ukaendelea: Buhigwe, Kabanga, Kitahana, hadi mwisho wa ukurasa.

Theodosia anashika kipanya. Kisha anakiachia na kukisukuma upande wa pili wa meza.

"Rekebisha wewe."

"Mama kijacho, watu wanaondoka huko."

"Ndiyo maana ufanye upesi."

Castory anakikodolea macho kioo. Kidole chake, kinene kwa miaka ya kuumwa na nyuki, kinaning'inia juu ya vibonye.

"Mzinga ukishaufungua, unauachaje?" Theodosia anamuuliza.

"Narudisha mfuniko. Nisiporudisha, kundi lote linahama."

"Basi rudisha. Palepale Buhigwe inapoishia."

Anaandika alama moja baada ya nyingine, akizitamka chini chini kama anayesali. Anahifadhi. Theodosia anaufungua ukurasa upya kwenye simu yake. Buhigwe peke yake imekatwa.

Anampigia Epifania. Inasikika sauti ya Epifania akiwaita wenzake kwa Kiha, kisha kicheko. "Wanarudi na ndoo," anasema. "Mwambie huyo aliyetukata, nitamletea masega ayatafune akili imrudi."

"Nimesikia," anajibu Castory.

Theodosia hakuzaliwa karibu na kompyuta. Wazazi wake walitoka Burundi, wakapewa uraia, wakalima maharage. Yeye aliyauza sokoni mchana na jioni akaenda darasani. "Nilikuwa nasinzia juu ya vibonye," anasema. "Mwalimu alinipa kiti cha karibu na mlango, baridi iniamshe."

Ushirika hauna mwingine anayeijua kazi hii. Hilo ndilo linalomsumbua kuliko uzito wa tumbo. Akirudi, anataka kukigawa kile kisanduku kimoja: jina la mahali peke yake, tarehe peke yake, na pa kuchagua tu kama lori lipo au limeahirishwa, ili katibu asiguse alama hata moja.

"Hadi hapo, ni yeye na mifuniko yake," anasema, akimtazama Castory, ambaye ameufungua tena ukurasa bila kuambiwa na anaukagua mstari kwa mstari.

Atajifungulia katika hospitali ya Kabanga, na simu ataibeba.

"Nitaangalia ukurasa mara moja tu," anasema. "Nikiona Kitahana ipo, nazima simu. Namwangalia mwanangu."