Simu Nne Zilizoshushwa Bei

Niliondoka Tabora asubuhi moja na begi la mgongoni lenye suruali mbili, shuka moja na simu nne mpya ndani ya maboksi yake, nikiwa sijaamua ninakwenda wapi. Ufunguo wa chumba nilikuwa nimeurudisha. Baba mwenye nyumba aliniuliza naelekea wapi, nikamjibu, "Bado."

"Bado ni kijiji cha wilaya gani?" akasema, akafunga geti.

Nimekuwa hivyo tangu nilipoacha shule kidato cha pili. Nimevuna tumbaku Urambo, nimepakia magunia ya mpunga stesheni ya Kigwa, nimeshona viatu kwa miezi miwili. Kazi naishika mpaka niielewe inavyokwenda, halafu usingizi unaanza kunipaa na najua ni wakati wa kuondoka. Kazi ya mwisho ilikuwa kuuza simu katika duka dogo karibu na soko, na hiyo ilinikalisha kuliko zote, kwa sababu kila siku kulikuwa na kitu nisichokielewa.

Mwenye duka alikuwa mtu mpole aliyependa kukaa nyuma ya kaunta akinywa kahawa. Mke wake alihamishiwa kazi Mwanza, naye akaamua kumfuata na kufunga duka. Akachukua kalamu nyekundu, akakata kwa mstari laki tatu zilizoandikwa kwenye simu za aina moja, akaandika chini yake laki moja na sitini. Tulitegemea watu wagombane mlangoni.

Wa kwanza kuingia alikuwa muuguzi wa hospitali ya Kitete. Dada huyo alikuwa ameshakuja mara tatu akituomba tumwekee simu moja mpaka mshahara utoke. Siku hiyo alikuja na laki tatu zake kamili mkononi. Akaona maandishi mekundu, akairudisha simu juu ya kioo cha kaunta kama kitu cha moto.

"Hii ndiyo ile ile?"

"Ndiyo ile ile, dada."

"Imerudishwa na mtu?"

"Hapana. Bosi anahama."

"Kila duka lenye mabovu linahama," alisema, akaondoka na hela yake.

Jambo hilo lilinisumbua. Kesho yake, bila kumwambia bosi, niliweka simu mbili za aina hiyo bega kwa bega, moja ina kibandiko cha laki tatu, nyingine cha laki moja na sitini. Zilikuwa zimetoka katoni moja. Wateja wakaziwasha zote mbili. Mmoja alisema kioo cha ile ya laki tatu kinang'aa zaidi. Mwalimu mmoja alizipigisha muziki, akaniambia ile ya bei ndogo ina sauti ya kopo. Mchana nikabadilisha vibandiko. Mwalimu yule alipita tena akitoka kula, nikamwomba asikilize mara ya pili. Sauti ya kopo ilikuwa imehamia kwenye simu nyingine. Nilicheka peke yangu mpaka bosi akaniuliza kama nimekula pilipili.

Zilipobaki nne, bosi aliniuzia kila moja kwa laki moja na thelathini, akaniandikia risiti. Akiba yangu yote ya tumbaku iliishia pale. Ndizo nilizokuwa nazo mgongoni asubuhi ile, na kama zingepotea nisingekuwa na kitu kingine duniani ila zile suruali.

Karibu na stendi nilimkuta dereva wa lori aliyekuwa anakwenda kupakia ng'ombe mnadani Ziba. Aliogopa kusinzia, akawa anatafuta mtu wa kupiga naye soga.

"Unajua hadithi?"

"Nyingi tu."

"Panda. Zikiisha unashuka."

Nilimsimulia ya duka. Alipoona mzigo wangu alisema babu zetu walipita nchi hii na pembe za ndovu mabegani, watu wakazifuata mpaka pwani kwa sababu ya bei. "Wewe unapeleka simu kwa wachunga ng'ombe. Tuone." Tukakubaliana kwamba akimaliza kupakia, saa tisa alasiri, atanichukua mpaka Singida. Nikasema sawa. Singida sikuwahi kufika.

Mnada ulikuwa umechangamka. Nilitandika shuka langu pembeni, mbali kidogo na mazizi, nikapanga maboksi manne. Saa nane ikapita bila mtu kununua. Ndipo alipokuja mzee mmoja mrefu, fimbo begani, viatu vya matairi, ndiyo kwanza ameuza dume lake. Alichuchumaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hii bei gani?"

"Laki mbili na nusu."

"Hiyo ni bei ya ndama."

"Ndama hawezi kupiga simu, baba."

"Na simu haitoi maziwa." Watu waliosimama karibu wakacheka. Mzee akakaa chini kabisa, akaweka fimbo kando, ishara kwamba ana nafasi. Alikuwa na binti anayeanza chuo cha uuguzi, alisema, na hataki aende mjini na simu ya kitochi. Akataja laki moja, kwa upole, kama mtu anayefungua mazungumzo tu.

Wakati huo huo nikasikia honi upande wa mazizi. Nikajua ni lori letu linaondoka.

"Laki moja na themanini, chukua," nikasema.

Mzee aliangalia uso wangu, kisha viatu vyangu, kisha barabara. Nikadhani anapiga hesabu. Akahesabu noti, akanipa, akainuka na boksi lake, akaondoka. Nikageuka kutazama. Honi haikuwa ya lori letu.

Haikupita nusu saa, watu sita walikuja moja kwa moja kwangu. Mzee alikuwa katikati. Mbele yake alitangulia kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni. Kule filimbi ile ikilia, kila mwanamume anaacha anachofanya na kuja mbio na fimbo. Ng'ombe wakiibwa ndivyo inavyokuwa, na mwizi akikamatwa, kinachofuata sikuhitaji kuelezwa.

"Kijana," alisema kamanda, "usikusanye. Acha hivyo hivyo."

Niliacha. Watu wakaanza kusogea. Jamaa mmoja aliyekuwa anakula muwa aliuliza, "Huyo ndiye mwizi wa simu?"

"Bado. Tunamuuliza."

"Mkimaliza kumuuliza mtuite."

Kamanda alichuchumaa mahali pale pale alipochuchumaa mzee. "Kila ng'ombe aliyeingia hapa leo ana barua ya kijiji alikotoka. Barua ya hizi iko wapi?"

Nilitoa risiti. Aliisoma polepole, akamgeukia mpwa wa mzee, kijana mkubwa tu mwenye kofia, aliyewahi kukaa mjini. "Simu hii madukani ni kiasi gani?"

"Nzega niliiona kwa laki tatu."

"Hapa pameandikwa laki moja na thelathini." Alinirudishia karatasi. "Basi na karatasi yako nayo inasema bei ya wizi."

Mpwa alikuwa mjuzi. Alifungua simu ya mzee, akabonyeza ikatokea namba yake ya utambulisho, akaituma kwa ujumbe kwa mamlaka ya mawasiliano ili ihakikiwe. Tulisubiri mtandao. Nilitamani majibu yale kuliko maji. Yalipokuja aliyasoma kwa sauti: ni halali, ni ya kampuni ile ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Nilivuta pumzi. "Mmeona?"

"Tumeona imetengenezwa na nani," alisema kamanda. "Hatujaona imetoka kwa nani. Ng'ombe wa wizi naye ni ng'ombe halali."

Jamaa wa muwa alitema makapi. "Huyo kamanda angekuwa hakimu."

Ndipo mzee akazungumza, kwa mara ya kwanza tangu waje. "Kwa nini unaziuza?"

"Ni mpya, baba. Ni orijino, hazijafunguliwa—"

"Sikuuliza uzuri wake. Leo nimeuza dume. Kila aliyemshika nundu aliniuliza kwa nini namuuza, nikamwambia binti yangu anaanza chuo. Nisingemwambia, angeondoka, au angenipa bei ya mgonjwa. Wewe umeshuka elfu sabini kwa pumzi moja. Hujasema kuna msiba. Hujasema una mgonjwa. Mnyama akishuka hivyo hapa, tunamfungua mdomo."

Nilielewa kosa langu nikiwa nimesimama katikati ya watu wale. Mjini nilikuwa nimejifunza kwamba sababu haisaidii. Yule dada wa Kitete tulimpa sababu akaiona ni uongo. Kwa hiyo Ziba nilinyamaza, na kule mtu asiyetaja sababu anaficha kitu. Na kushuka kwenyewe kuna mwendo wake: elfu tano, unazungumzia mvua, elfu tano, unauliza habari za watoto. Kila hatua mnunuzi anapata muda wa kukuamini. Mimi niliruka hatua zote kwa sababu ya honi ya lori lisilo langu.

Nikawaeleza: duka, mke aliyehamia Mwanza, laki tatu zilizokatwa kwa kalamu nyekundu, akiba ya tumbaku.

"Na wewe unahamia wapi?" kamanda akauliza.

"Sijui."

Minong'ono ikazagaa nyuma yangu. Mtu mmoja alisema, "Mali haina kwao, na yeye hana anakokwenda." Kamanda akashika filimbi yake. Hakuipuliza, aliishika tu kati ya vidole viwili, na nikaona wanaume wa pembeni wanabadilisha fimbo zao mikono. Sikuwa na pa kukimbilia. Hata ningekuwa napo, kukimbia kungekuwa jibu.

"Mpigieni bosi wangu," nikasema. "Namba iko kwenye risiti."

Mpwa akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Jamaa wa muwa sasa alikuwa amemaliza muwa wake na mikono yake ilikuwa mitupu. Mara ya tatu ikaita, na kamanda akaichukua simu yeye mwenyewe, akaweka sauti ya nje, akaninyooshea kidole nisifungue mdomo.

"Habari ya biashara?" akasema, kama rafiki.

"Biashara nilishafunga, ndugu yangu, nimehama," sauti ya bosi ikajibu, na nyuma yake mtoto analia. "Nani mwenzangu?"

"Nilitaka zile simu zako."

"Umechelewa. Nne za mwisho nilimwachia kijana wangu wa dukani, kwa bei ya kunipunguzia mzigo. Mtafute huyo, kama hajaondoka. Hakai mahali yule." Akacheka. "Lakini akikuuzia angalia kibandiko. Alikuwa anahamisha bei zangu kutoka simu hii kwenda ile apate kuwatazama wateja. Anadhani sikumwona."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine. Kamanda aliachia filimbi ikarudi kifuani. Nilikaa juu ya shuka langu.

"Kwa hiyo ulikuwa unatujaribu na sisi?" aliniuliza.

"Hapana baba. Hapa nilikuwa nina haraka tu."

"Haraka mnadani." Alitikisa kichwa akaondoka, na watu wakatawanyika, jamaa wa muwa akiwa wa mwisho.

Mzee alibaki. Nilitegemea arudishe simu, na nilikuwa tayari kumpa hela yake. Yeye akatoa noti mbili za elfu kumi, akazitupa juu ya boksi.

"Hizo za nini, baba? Tumeshamalizana."

"Binti yangu akisikia laki moja na themanini atakaa anaisikiliza kila siku inakufa lini. Nyumbani nataka kusema laki mbili, na mimi sisemi uongo kwa watoto wangu." Akainuka kwa fimbo yake. "Chukua. Sasa ni simu."

Nilizichukua. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri, lakini uso wake ulikuwa na ile raha niliyoitafuta dukani kwa muda mrefu na kalamu nyekundu haikuileta kwa mtu hata mmoja.

Lori lilikuwa limeshaondoka na Singida yangu. Nilikunja shuka, nikarudisha maboksi matatu begini. Nilipofika barabarani kamanda aliniita kutoka kibanda cha chai.

"Utalala kwa mama mwenye gesti, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Kesho asubuhi nikuone hapa. Nisipokuona nitapata picha nyingine."

"Utaniona, baba."

Jua lilikuwa bado juu ya miti nilipoifikia gesti. Mama mwenye nyumba alikuwa anaanika mashuka. Alinionyesha vyumba viwili vinavyotazamana, kitanda kile kile, chandarua kile kile, ndoo ile ile ya bluu.

"Hiki elfu nane. Hiki elfu nne."

Nilisimama katikati ya milango miwili. "Mama, hiki cha elfu nne kwa nini?"

Aliniangalia vizuri. "Wewe ndiye wa simu?"

"Ndiye."

"Dirisha lake linapakana na mashine. Saa kumi na moja alfajiri ikiwashwa, hata maiti anaamka."

Nikamlipa elfu nne na kumshukuru. Nikaweka begi kitandani, nikamsikiliza mpaka kandambili zake zilipofika uani. Kisha nikainua godoro, nikachungulia chini yake.